Namna ya Kuuchambua Urais wa Kwanza wa Kenya Ukiwa Mombasa

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa historia, wa mwanafunzi anayeandaa insha ndefu, na wa mwanabaraza yeyote wa Mombasa aliyeombwa kuongoza mazungumzo juu ya namna urais wa Mzee Jomo Kenyatta, wa tangu 1964 hadi 1978, ulivyoijenga serikali ya Kenya na uhusiano wake na mataifa mengine. Mada hii huharibika upesi. Baadhi ya watu huisimulia kama maisha ya mtu mmoja tangu alipozaliwa hadi alipozikwa, na wengine huigeuza kuwa mashindano ya sifa na lawama, kiasi kwamba wasikilizaji huondoka bila kujua ni mamlaka gani yaliyohama katika miaka ile, yalitoka mikononi mwa nani, na yalihamishwa kwa sheria ipi. Utaratibu ninaoupendekeza hapa unatanguliza sheria na tarehe. Zaidi ya hayo, unayasoma mambo ya ndani na ya nje kwa pamoja, kwa sababu naamini kwamba yote mawili yalizaliwa na hofu moja: hofu ya nchi changa kumegeka kabla haijasimama.

Mombasa ni mahali pazuri pa kuifanyia kazi hii kuliko inavyodhaniwa. Hofu hiyo ya kumegeka iliugusa mwambao wetu wenyewe, bandari ya Kilindini ilikuwa mlango wa silaha, mafuta na mizigo ya majirani, na maamuzi kadhaa ya siasa ya nje yalionekana hapa kwa macho kabla hayajaandikwa vitabuni.

Andaa jedwali kabla ya kusoma

Chukua daftari kubwa na uchore safu tano. Ya kwanza ni ya tarehe, ya pili ni ya uamuzi wenyewe kwa maneno machache, na ya tatu ni ya kueleza mamlaka yalitoka wapi yakaenda wapi. Katika safu ya nne utaandika lililokuwa likitokea mpakani au ng'ambo wakati huo huo. Safu ya tano iache tupu hadi mwisho wa kazi. Usikubali kuandika lolote katika safu ya pili mpaka uwe na tarehe yake, kwa maana mambo mengi yanayosemwa juu ya enzi hiyo huunganishwa kwa kubahatisha, na tarehe peke yake hutosha kuonyesha kwamba jambo fulani halikuweza kusababishwa na lingine lililotokea baadaye.

Mstari wa kwanza usiwe wa 1964. Anza na Katiba ya uhuru ya 1963, kwa sababu hiyo ndiyo urais ulioirithi na kuibadilisha. Katiba hiyo ilitokana na mikutano ya Lancaster House jijini London ya mwaka 1960, 1962 na 1963, na ndani yake chama cha KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala wa hapa Pwani, kilipata kile kilichokitaka kwa miaka: majimbo. Nchi iligawanywa katika majimbo saba yenye mabaraza yao ya kutunga sheria, huku Nairobi ikiwekwa kando. Bunge lilikuwa na vyumba viwili, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti yenye wajumbe 41. Malkia wa Uingereza alibaki kuwa mkuu wa nchi akiwakilishwa na Gavana Mkuu, na Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Kilichowapa watu wa majimbo matumaini makubwa ni ugumu wa kuibadilisha Katiba hiyo: marekebisho ya kawaida yalihitaji asilimia 75 ya kura katika kila chumba, na vifungu vilivyolindwa zaidi, pamoja na vile vya majimbo, vilihitaji asilimia 90 ya Seneti.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, kisha uendelee na miaka iliyofuata. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilijivunja kwa hiari na wabunge wake wakajiunga na KANU, chama tawala cha Kenyatta, na kwa hiyo kura zilizokuwa zikiyalinda majimbo hazikuwapo tena. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, na Waziri Mkuu akawa Rais aliyeunganisha ukuu wa nchi na ukuu wa serikali. Mabaraza ya majimbo yakanyang'anywa vyanzo vyao vya mapato. Mwaka 1965 majimbo yakaitwa mikoa, na kiwango cha kura za kuibadilisha Katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Mwishoni mwa 1966 Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi, pakabaki Bunge moja. Kwa sheria iliyoanza kutumika 1970, halmashauri za wilaya zikapokonywa elimu ya msingi, afya na barabara. Ukiyapanga haya katika safu ya tatu, utaona kwamba mshale unaelekea upande mmoja tu, mstari baada ya mstari.

Usiharakishe kuyahukumu hayo. Jukumu lako kwanza ni kueleza namna yalivyowezekana kisheria, na jibu ni kwamba karibu yote yalipitishwa Bungeni kwa kura, tena mengine kwa kura za watu waliokuwa wameyapigania majimbo. Hansadi, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, za miaka hiyo zipo, na Gazeti Rasmi la Serikali lipo. Kila mstari wa jedwali lako unaweza kuutafutia ushahidi humo badala ya kutegemea masimulizi.

Kitu kimoja hakitaonekana vizuri katika sheria, nacho ni utawala wa mikoa. Wakuu wa Mikoa, Wakuu wa Wilaya, maafisa tarafa na machifu walikuwa urithi wa ukoloni, na badala ya kuondolewa walifanywa mkono wa Rais mwenyewe hadi kijijini. Katika Mombasa na mwambao mzima, badiliko hili lilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu palikuwa na ngazi nyingine ya utawala, ya maliwali na mamudiri, yaani maafisa wa utawala wa pwani, ambayo iliondolewa. Ukitaka kujua serikali ya kwanza ilivyofika mlangoni mwa mwananchi wa Kisauni au Likoni, mfuate chifu kabla ya kumfuata mbunge.

Fungua ukurasa mzima kwa ajili ya barua za Oktoba 1963

Hapa ndipo ninapomsihi msomaji atulie, kwa kuwa sijaona mfano mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi jinsi serikali ya ndani na siasa ya nje zilivyofungamana. Tangu 1895 ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa ukitawaliwa na Uingereza kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, ukiwa nchi ya himaya na si koloni. Uhuru ulipokaribia, wapo waliodai mwambao ujitenge au urudi Zanzibar, na wapo waliosimama imara na Kenya moja. Tume ya Robertson ya mwaka 1961 ilipendekeza ukanda huo uunganishwe na Kenya.

Mwezi Oktoba 1963 Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, alibadilishana barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, na siku hizo hizo ukatiwa sahihi mkataba wa London uliomaliza madai ya Sultani juu ya ukanda huo. Barua zile ziliahidi uhuru wa kuabudu. Ziliahidi kuendelea kwa mahakama za kadhi katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Ziliahidi kwamba maeneo yenye Waislamu wengi yangepewa, kadiri inavyowezekana, maafisa Waislamu. Ziliahidi mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu. Na ziliahidi kwamba hati za umiliki wa ardhi zilizokwisha kusajiliwa zingetambuliwa nyakati zote.

Weka kila ahadi katika mstari wake na uifuatilie peke yake. Ahadi ya kadhi ilidumu: iliingizwa katika Katiba na kutungiwa sheria yake mwaka 1967. Ahadi ya ardhi nayo ilidumu, lakini hapa kuwa mwangalifu, maana ilichokilinda ni usajili uliofanywa wakati wa ukoloni, na familia nyingi za Kimijikenda, na za Waswahili pia, zilikuwa zikilima na kuishi katika ardhi ambayo hati yake ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Neno maskwota katika Mombasa na Kilifi lina sehemu ya mizizi yake papo hapo. Kwa hiyo kifungu kilichoandikwa ili kuwatuliza majirani wa ng'ambo kiliamua nani angekuwa na nyumba kwao wenyewe. Halafu tazama safu ya nne: tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja baada ya uhuru wa Kenya, Mapinduzi yakaiondoa serikali ya Shamte pamoja na Sultani. Meli iliyomchukua Sultani Jamshid haikuruhusiwa kumshusha Mombasa. Upande mmoja wa barua haukuwapo tena wa kudai chochote, na utekelezaji ukabaki mikononi mwa Nairobi pekee.

Soma siasa ya nje kuanzia mipakani

Makosa ya kawaida ni kuanza sehemu hii na maneno ya hotuba, hasa yale ya kutofungamana na upande wowote. Kenya ilijiunga kweli na Umoja wa Mataifa mwezi ule ule wa uhuru, ikaingia katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika na katika harakati za nchi zisizofungamana. Lakini ukitaka kuelewa ilivyotenda, anza na mwezi Januari 1964.

Kaskazini, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa wiki chache tu baada ya uhuru kwa sababu ya madai ya kuungana na Somalia, na vita vya shifta, yaani vya waasi waliotaka kujitenga, vilikuwa vimeanza. Kusini, Zanzibar ilikuwa imepinduliwa. Wanajeshi wa Tanganyika na Uganda waliasi, na tarehe 24 Januari wale wa Lanet, karibu na Nakuru, nao wakaasi. Kenyatta aliita majeshi ya Uingereza, na uasi ukazimwa. Mwaka huo huo yakafuata makubaliano ya ulinzi yaliyoipa Kenya mafunzo na zana, na yaliyowaruhusu Waingereza kufanya mazoezi nchini na meli zao za kivita kutia nanga Kilindini. Pamoja na mkataba wa ulinzi na Ethiopia wa 1963, ambao nao ulilenga madai ya Somalia, hizo ndizo nguzo mbili za usalama za urais wa kwanza, na zilisimamishwa kabla mengi ya yale tunayoyaita siasa ya nje hayajaandikwa.

Ukishalijua hilo, maamuzi ya baadaye yanasomeka kwa urahisi. Mwezi Aprili 1965 meli ya Kisovieti ilifika Mombasa ikiwa na silaha, na Kenyatta akazikataa. Mwezi uliofuata msafara wa silaha za Kichina uliokuwa ukitoka Tanzania kwenda Uganda ukazuiliwa katika ardhi ya Kenya. Mwaka huo huo Waraka wa Kikao namba 10 (Sessional Paper), waraka wa serikali wa sera ya uchumi ambao Tom Mboya alikuwa na mkono mkubwa ndani yake, uliita njia ya Kenya ujamaa wa Kiafrika, lakini ulilinda mali ya mtu binafsi na kukaribisha mitaji ya kigeni. Mwishoni mwa 1965, walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walipojitangazia uhuru, Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza, Kenya haikuvunja. Mwezi Aprili 1966 Makamu wa Rais, Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa karibu na nchi za kisoshalisti, alijiuzulu na kuongoza chama kipya cha upinzani, KPU. Papo hapo Katiba ikabadilishwa ili mbunge anayehama chama alazimike kuwarudia wapiga kura, na baada ya miezi michache ikapitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. KPU ilipigwa marufuku Oktoba 1969. Andika haya yote katika jedwali moja, mstari chini ya mstari, na utaona kwamba huwezi kutenga ni lipi lilikuwa la Moscow na London na lipi la Kisumu na Nairobi.

Katika orodha hiyo yamo mauaji ya wanasiasa watatu: ya Pio Gama Pinto mwezi Februari 1965, ya Tom Mboya Julai 1969 na ya J. M. Kariuki Machi 1975. Yaandike kwa tarehe zake, eleza yalivyoathiri Bunge na vyama, na usimtie hatiani mtu ambaye mahakama haikumtia hatiani. Wala usiyaruke kwa kuogopa wasikilizaji. Mada ya enzi hii isiyoyataja haina uaminifu.

Kwa majirani, mambo mawili yanastahili nafasi. La kwanza ni amani na Somalia: mwezi Oktoba 1967, mjini Arusha, Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Haji Ibrahim Egal, walikubaliana kwa upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, na vita vya shifta vikapoa. La pili ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwezi Juni 1963 Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza nia ya shirikisho, halikutokea. Mwaka 1967 ukaja mkataba wa Jumuiya, na bandari zetu zikawekwa chini ya shirika la pamoja ambalo makao yake yalikuja kuwa Dar es Salaam. Jumuiya ilipovunjika 1977, kila nchi ilichukua vilivyokuwa ndani ya mipaka yake, na mwaka 1978 ikaundwa Halmashauri ya Bandari Kenya. Mtu wa Mombasa anayeuona mnara wa Bandari kama kitu cha tangu na tangu afahamishwe kwamba mwajiri huyo ni zao la mwaka wa mwisho wa urais wa kwanza.

Upo pia upande wa upatanishi, ambao hutajwa kwa nadra nje ya madarasa. Kenyatta aliongoza tume ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya Kongo mwaka 1964, na mwanzoni mwa Januari 1975 viongozi watatu wa Angola, Agostinho Neto, Holden Roberto na Jonas Savimbi, walikutana hapa Mombasa chini ya uangalizi wake wakakubaliana kwenda kuzungumza na Ureno kwa sauti moja. Siku chache baadaye ukatiwa sahihi na Ureno mkataba wa Alvor wa uhuru wa Angola. Amani haikukaa, walirudishwa mezani Nakuru mwezi Juni, na vita vikaendelea hata hivyo. Mwanafunzi wa Mombasa aujue mkutano huo wa Januari, kwa kuwa ni siku chache ambazo mji huu ulishika mustakabali wa taifa jingine.

Waulize waliokuwapo, na uwaulize vizuri

Aliyekuwa kijana wa miaka 18 wakati wa uhuru sasa yuko katika miaka themanini hivi, kwa hiyo sehemu hii haingoji. Nenda baada ya alasiri, toa shikamoo, kaa, na usianze na swali la iwapo Kenyatta alikuwa mzuri au mbaya, maana utajibiwa kwa heshima na hutapata kitu. Uliza jambo la mkononi: “Mzee wangu, kibali cha kujenga mlikuwa mnakwenda kukitaka kwa nani kabla ya uhuru, na baadaye mkawa mnakwenda kwa nani?” Kwa aliyefanya kazi gatini, uliza mizigo ya Uganda ilipita namna gani wakati mpaka wa Tanzania ulipofungwa mwaka 1977. Kwa bibi mmoja, swali la mirathi iliyopelekwa kwa kadhi litafungua mengi kuliko maswali kumi ya siasa. Andika majibu katika safu ya tatu kwa alama tofauti, ili yasichanganyike na sheria, na omba ruhusa kabla ya kulitaja jina la mtu.

Tenganisha desturi na sheria

Rais wa kwanza huacha vitu vya aina mbili: vile vilivyoandikwa, na vile ambavyo wafuasi wake huvifuata kwa mazoea. George Washington, aliyetawala Marekani 1789 hadi 1797, aling'atuka baada ya mihula miwili bila sheria kumlazimisha. Desturi hiyo ilishikwa hadi Franklin Roosevelt alipochaguliwa mara ya tatu mwaka 1940, na ukomo ukaandikwa katika Katiba yao 1951 tu. Kenya ilichukua njia nyingine, kwani ukomo wa mihula ulisubiri miaka ya tisini. Lakini kifungu kimoja kilichoandikwa kiliokoa mengi. Marekebisho ya 1968 yaliweka kwamba Rais akifa, Makamu wake atashika nafasi kwa siku 90 kisha uchaguzi ufanywe. Mwaka 1976 kundi la wanasiasa lilifanya mikutano kutaka kifungu hicho kibadilishwe ili kumzuia Daniel arap Moi, na Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akaonya kwamba kuwaza kifo cha Rais ni kosa la jinai. Kenyatta alifariki usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 1978 katika Ikulu ya Mombasa. Moi aliapishwa siku hiyo hiyo kuwa kaimu, na bila risasi kulia. Mstari huu uandike kwa herufi kubwa.

Sasa jaza safu ya tano

Chukua Katiba ya 2010 na uipitishe juu ya jedwali lako, mstari kwa mstari, ukiandika kilichorudishwa, kilichobaki na kilichogeuzwa. Seneti imerudi. Badala ya mikoa zipo kaunti 47 zenye mabunge na magavana. Marekebisho yanayogusa misingi kama ugatuzi yanahitaji kura ya maoni, ulinzi ambao Katiba ya 1963 ilijaribu kuuweka kwa asilimia 90 ya Seneti ikashindwa. Mahakama za kadhi zimo katika kifungu cha 170. Majina ya mabalozi sharti yaidhinishwe na Bunge la Taifa, na majeshi hayapelekwi nje bila idhini ya Bunge, ilhali mwaka 1964 makubaliano ya ulinzi yalikuwa shughuli ya serikali. Wakati huo huo, makamishna wa kaunti na machifu bado wanawajibika kwa serikali kuu, na hapo uandike “limebaki.”

Mstari wa bandari utakusumbua. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti feri na bandari, lakini linaacha nje ya mamlaka yao usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa, na Halmashauri ya Bandari bado ni shirika la serikali kuu. Usiandike “limerudishwa” wala “limebaki” katika nafasi hiyo mpaka usome kifungu hicho mwenyewe, pamoja na sheria ya 1978 iliyoiunda Halmashauri, kisha uulete mstari huo barazani wazi kama ulivyo, kwa sababu ndio utakaozua maswali mengi kuliko yote.